Hiroshima ni kama Kitengela nzima kufutwa: Mbona story ya miaka 80 inatuhusu

Ingia kinyozi yoyote Noonkopir jioni, anzisha story ya Oppenheimer uone. Mmoja atakuambia ile muvi ni moto. Mwingine atasema alilala katikati, masaa matatu ni wazungu tu wanaongea. Lakini kuna kitu wasee wengi huwa hawanotisi: kwa hiyo muvi yote, huoni Hiroshima ikichomeka. Mlipuko unauona ni ule wa majaribio, huko jangwani. Mji wenyewe unatajwa tu kwa mdomo.

Agosti 6, 2025, Hiroshima ilitimiza miaka 80. Basi wacha tupige hesabu vile msee wa huku anaweza kuishika.

Sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 150,000 Kitengela. Kufikia mwisho wa 1945, bomu la Hiroshima lilikuwa limeua watu karibu 140,000. Sasa chukua kila mtu unayemjua huku. Mama mboga wa soko la Noonkopir, makanga wa Namanga Road, wasee wa EPZ wakitoka shifti, watoto wa shule, hadi landilodi wako. Karibu wote hawako. Halafu siku tatu baadaye, Agosti 9, Nagasaki nayo ikapigwa. Huko walikufa karibu 70,000 kabla mwaka uishe.

Lile la kwanza lilipasuka saa mbili na robo asubuhi, ile saa watu wanaenda job. Lilipasukia hewani, kama mita 600 juu. Kilomita mbili kila upande, karibu kila kitu kikaisha. Yaani usimame sokoni, utembee dakika 25 upande wowote utakao, na usipate nyumba imesimama. Maelfu ya wanafunzi walikuwa nje hiyo asubuhi, wametumwa kusaidia kubomoa manyumba ndio moto wa vita usisambae. Wengi wao hawakurudi nyumbani.

Na ngori haikuishia hapo. Kuna watu walitoka bila hata mkwaruzo, wakashukuru Mungu, halafu baada ya wiki kadhaa nywele zinatoka, damu inatoka kwa fizi, wanakufa. Sadako Sasaki alikuwa mtoto wa miaka 2 siku hiyo. Alikua vizuri tu, akawa mkimbiaji mzuri shuleni. 1955 saratani ya damu ikambeba akiwa na miaka 12. Bomu lilimngoja miaka kumi.

Najua kuna mtu saa hii anasema: buda, hiyo ilikuwa vita ya Wamarekani na Wajapani, sisi tunaingilia wapi?

Tunaingilia mahali pawili. Kwanza, vijana wa King's African Rifles kutoka huku kwetu walipigana na Wajapani Burma, mwaka mmoja tu kabla ya bomu. Pili, na hii ndio wengi hawajui, urani nyingi iliyotengeneza bomu la Hiroshima ilitoka hapo Congo. Mgodi unaitwa Shinkolobwe, uko Katanga, karibu na mji wa Likasi. Ulikuwa wa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière. Mwaka wa 1940 mkubwa wa hiyo kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za hayo mawe hadi New York, na 1942 jeshi la Marekani likayanunua.

Lugha ya kazi kwa migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Kwa hivyo wale wasee walioyatoa chini, wakayachagua kwa mikono yao, waliongea hii lugha unasoma sasa. Siri ya bomu hawakuambiwa.

Hapa ndio naona tofauti kubwa. Hiroshima wana daftari la majina ya wahasiriwa. Kila Agosti 6 wanaongeza majina ya walionusurika lakini wamefariki mwaka huo, na kufikia 2025 yalikuwa yanakaribia 350,000. Shinkolobwe haina daftari. Hakuna mahali utaenda Likasi usomewe majina ya waliochimba, ujue nani aliugua na nani alizikwa mapema. Bomu ni moja, lakini kuna wafu wanaohesabika na kuna wale hakuna mtu aliwahi kuwahesabu.

Usidhani pia Wajapani walipewa hiyo heshima bure. Walionusurika walikaa miaka mingi wakibaguliwa. Watu waliogopa kuwaoa, wengine walinyimwa kazi. Walijipanga, 1956 wakaunda chama chao, Nihon Hidankyo. 1957 sheria ya kuwapa matibabu ikapita, miaka 12 baada ya bomu. Hawakuacha kupiga kelele, na 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akawaonea huruma. Walisumbua mpaka wakasikika.

Sasa angalia kalenda. Katikati ya Agosti 6 na Agosti 9 kuna siku yetu. Agosti 7, 1998, bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 Nairobi na wengine 11 Dar es Salaam. Maelfu waliumia, wengi macho yalipasuliwa na vioo. Si bomu la atomiki, na sisemi zinalingana. Lakini swali la baadaye ni lile lile: ukishaweka maua, aliyebaki na vipande vya kioo mwilini anatibiwa na nani?

Sudan ilipolipa dola milioni 335 kwa wahasiriwa wa mashambulizi tofauti, likiwemo hilo la 1998, Wakenya wengi wa kawaida waliachwa nje. Msee aliyekuwa kwa matatu tu, ama alikuwa anapita akienda kutafuta kazi, hakuwa kwa hiyo hesabu. Seneti yetu ilishaunda kamati kuangalia mambo ya fidia. Kufikia 2025, miaka 27 ilikuwa imeisha. Wajapani walingoja 12 tukasema ni mingi.

Jiwe la majina pale Moi Avenue na Haile Selassie ni kitu ya maana, na ukipita tao simama usome. Lakini jiwe halinunui dawa, na halisimulii kitu kama waliokuwepo wamenyamaza.

Mwezi wa Machi 2025, manusura wa Hiroshima na Nagasaki waliobaki walikuwa 99,130, wastani wa umri miaka 86. Wanaisha. Kwa hivyo Hiroshima inafunza watu wa rika la chini wakae na wazee, washike story yao vizuri, halafu wasimulie wengine. Hiyo haihitaji bajeti ya serikali, na sisi tunaijua. Juni 2024, majina ya waliouawa kwa maandamano ni vijana waliyaandika na kuyasambaza kwa simu zao, na ndio maana hadi leo hakuna anayeweza kusema hayo mambo hayakufanyika.

Kitengela imejaa watu waliohama Nairobi kutafuta keja ya bei nafuu ama ploti ya kujenga. Kwa mtaa wako, nina uhakika kuna mzee ama mathe aliyekuwa tao hiyo Ijumaa ya 1998. Pengine ndiye huyo anakuuzia mayai, na bado hushtuka mlango ukijibamiza. Mwamkie, omba ruhusa, washa simu urekodi. Muulize alikuwa wapi, na nani hakurudi nyumbani. Jina ukilipata, liandike.