Mwambieni mgonjwa ukweli kabla ya kisu

WATU wa nyumba moja wanapoarifiwa kwamba mama yao atafanyiwa operesheni, jambo la kwanza huwa ni kukutana na kutafuta fedha. La pili huwa ni kukubaliana kwamba mgonjwa mwenyewe asielezwe mengi. "Msimtie wasiwasi," husema kaka mkubwa, na wote huafikiana naye. Mama naye hulala katika wadi akiwatazama wakinong'onezana karibu na mlango. Kwa kuwa haambiwi lolote, hujiambia mwenyewe, na hayo anayojiambia, msomaji, aghalabu huwa mabaya kuliko yote ambayo daktari angemweleza.

Nia ya kaka huyo ni njema, lakini njia yake ni mbovu. Hapa kwetu mgonjwa huandaliwa mwili tu. Hupimwa damu, huoshwa, huletewa fomu akatia sahihi. Moyo wake huachwa ujitegemee.

Ukiketi na wagonjwa wanaongoja zamu yao utagundua kwamba wengi hawaogopi kisu hasa. Wanaogopa usingizi. "Nisipoamka je?" ndilo swali la kwanza, na la pili ni kinyume chake: "Nikiamka wangali wananikata?" Swali hilo la pili lilichunguzwa kwa kina Uingereza na Ireland, na ripoti iliyotolewa 2014 ilisema kwamba kuliripotiwa kisa kimoja cha mgonjwa kuzindukana kwa kila watu 19,000 hivi waliotiwa dawa ya usingizi. Wapo pia wenye hofu wasizoweza kuzitaja mbele ya watoto wao: kuvuliwa nguo mbele ya vijana, kupayuka siri wakiwa hawajifahamu, deni litakalobaki, kibanda cha sokoni kukaa mwezi mzima kimefungwa. Mama anayetolewa tumbo la uzazi huwaza kama mumewe atamwona angali mwanamke.

Je, kuzungumza kunasaidia, au ni maneno matupu? Mnamo 1964 madaktari wa hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi sana. Walikuwa na wagonjwa 97 wa operesheni za tumbo. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili lilitembelewa na daktari wa dawa za usingizi, akawaeleza wagonjwa watakapoamka wataumwa wapi, kwa nini misuli hukaza, jinsi ya kujilegeza na kujigeuza kitandani, na kwamba wasione haya kuomba dawa ya maumivu. Kundi hilo lilitumia takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu zilizotumiwa na wenzao. Tena walirudi nyumbani mapema kwa zaidi ya siku mbili, ilhali madaktari waliowaruhusu hawakujua ni nani aliyeelezwa na ni nani ambaye hakuelezwa. Dawa yenyewe ilikuwa ni mazungumzo, na haikulipiwa hata senti.

Chukua mfano wa kufunga kula. Mgonjwa huambiwa, "Usile chochote," basi. Akihurumiwa na shangazi, ataletewa chai na mandazi kisirisiri. Lau angeelezwa kwamba chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini, shangazi mwenyewe angerudi na chupa yake ya chai mlangoni.

Au chukua habari ya kuulizwa jina. Nesi anakuuliza unaitwa nani na unapasuliwa wapi, daktari anauliza, na mlangoni mwa chumba cha upasuaji unaulizwa tena. Mgonjwa asiyejua sababu hutetemeka: "Kumbe watu hawa hata hawanijui!" Ukweli ni kwamba hiyo ni kinga yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi mwaka 2008, na mojawapo ya mambo yanayotakiwa ni mgonjwa kuthibitisha jina lake na mahali atakapopasuliwa. Hapa Kenya sote twakumbuka yaliyotokea Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mwaka 2018, mgonjwa mmoja alipofunguliwa fuvu la kichwa ilhali aliyehitaji operesheni hiyo ni mwingine. Kwa hivyo ukiulizwa mara kumi, jibu mara kumi kwa sauti.

Si kila mgonjwa anayetaka kujua kila kitu, na hiyo ni haki yake. Mzee fulani atasema, "Mweleze binti yangu, mimi niache." Muhimu ni kwamba yeye ndiye aliyechagua, hakuchaguliwa.

Kuna ukweli mwingine ambao hufichwa na jamaa kwa sababu ya aibu, nao ni wa pombe. Mjomba anayekunywa kila siku akilazwa, pombe hukatika ghafla. Baada ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuona vitu visivyoonekana, hata kupatwa na kifafa. Anaweza kufa. Daktari wa dawa za usingizi aambiwe mapema, kwa kipimo halisi na si "anaonja kidogo tu". Hali kadhalika aambiwe kuhusu mgonjwa anayetumia dawa za akili. Wengine huzitupa wakiogopa kuchekwa wadini, kumbe kuziacha ghafla pasipo ushauri kunaweza kuamsha maradhi yaliyokuwa yametulia.

Tuje baada ya operesheni. Hapa ndipo jamii nyingi hushtuka zaidi, hasa aliyepasuliwa akiwa babu au nyanya. Mzee aliingia na akili zake timamu, akavunjika nyonga tu. Operesheni ikaenda salama. Usiku wa pili anaanza kuweweseka: anamwita ndugu yake aliyekufa zamani, anang'oa mpira wa dripu, anadai manesi wanataka kumwua. Asubuhi ametulia, jioni yamerudi. Wengine wataanza kutafuta mchungaji, wengine watatafuta mganga, na wengine watakata shauri kwamba sasa ndiye kichaa daima.

Hali hii madaktari wanaijua vizuri. Huwapata wazee wengi baada ya upasuaji, hasa wa nyonga, na kwa kawaida hutokea siku chache za mwanzo. Si kichaa. Ni ubongo uliochoka unaolia kwamba mwilini kuna jambo: pengine uambukizo, pengine mkojo umeziba, au mzee hajanywa maji ya kutosha, au ana maumivu asiyoweza kuyasema, au dawa fulani imemkataa. Mtafute nesi au daktari umwambie hivi: "Huyu sivyo alivyo." Nesi wa zamu ya usiku hajui kwamba mzee huyo jana alikuwa akisoma gazeti na kubishana juu ya siasa. Wewe ndiwe shahidi.

Mpelekee miwani yake, meno yake ya bandia, na kifaa chake cha masikio kama anacho. Aketi karibu naye mtu anayemfahamu, amtajie siku na mahali alipo. Msibishane naye, wala msikubali afungwe kamba kitandani ati ndiyo matibabu. Na kuna namna ya kimya ambayo humponyoka hata nesi mzuri: mzee hapigi kelele, amelala tu, hajibu, hali. Watu husema, "Leo amepumzika vizuri." Hapo pia mwite daktari.

Vivyo hivyo kwa aliyekatwa mguu, msiba unaowapata wagonjwa wengi wa kisukari. Wiki chache baadaye anahisi vidole vya mguu usiokuwepo vikiwasha, au vikiuma kama vimebanwa na koleo. Ananyamaza, kwa kuwa anaogopa kuambiwa akili zimeruka. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, aliita hali hiyo mguu wa mzuka mwaka 1871, na ni jambo la kawaida kabisa kwa waliokatwa viungo. Maumivu hayo ni ya kweli na yana matibabu. Ni dakika tano tu za kumwonya mtu kabla ya msumeno, nazo zingemwondolea miezi ya kujidhania mwendawazimu.

Halafu kuna huzuni ya nyumbani, wageni wanapokwisha. Siku za mwanzo kulia ovyo au kukasirika kwa jambo dogo si ajabu, kwani kuna maumivu, kuna kukosa usingizi, na kuna kuogeshwa na mtoto uliyemwogesha wewe. Wageni nao huzidisha. Mmoja atasimulia jirani aliyepasuliwa vivyo hivyo na "hakurudi", mwingine atakokotoa bili pale pale kitandani. Mama aliyejifungua kwa operesheni ataambiwa na majirani kwamba hakuzaa, alizalishwa. Aliyetolewa titi atakwepa kioo, na mumewe, kwa kutojua la kusema, atahamia chumba cha pili.

Lakini huzuni ikipita wiki mbili, hali chakula, halali, hataki kuonana na mtu, anajiita mzigo, hiyo imekuwa maradhi na inatibika. Akitamka kwamba heri angekufa pale mezani, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wengine, siku ya kutolewa nyuzi inatosha. Katika kliniki hiyo daktari atatazama mshono, aseme umepona vizuri, na aite mgonjwa anayefuata. Kabla hajamwita, mwambie kwamba mama halali.