Hali za Maada Si Tatu Tu

Watoto wetu hufundishwa, kama tulivyofundishwa sisi na walimu wetu, kwamba maada ina hali tatu, yaani yabisi, kimiminika na gesi. Nami naona wakati umewadia wa kuyasahihisha maneno hayo, maadamu tangu mwaka 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, alipokuwa akiichunguza kolesteroli iliyotoka katika karoti, aliiona kampaundi yake moja ikiyeyuka kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi na kuwa kimiminika chenye ukungu, kisha, ilipofika nyuzi 178.5, ukungu ule ukatoweka ghafla. Hali ile ya katikati ndiyo fuwele kioevu.

Ajabu yake hudhihirika zaidi inapopoa. Kwa mfano, itrakonazoli, dawa itumikayo kutibu maradhi ya fangasi, ikiyeyushwa kisha ikaachwa ipoe, aghalabu hairudii ufuwele wake. Bali ifikapo nyuzi 90 hivi, molekuli zake, ambazo ni ndefu na nyembamba, huelekea upande mmoja mithili ya dagaa wafuatao mkondo, pasipo safu wala mstari. Karibu na nyuzi 74 hujipanga matabaka juu ya matabaka. Na karibu na nyuzi 59 mwendo wake huwa mzito mno hata zisiweze tena kusogea, mpangilio ule ukafungika humo ndani, kikapatikana kioo kigumu ambacho si fuwele kamili wala si fujo tupu. Wala hili si jambo la wanazuoni peke yao, kwa kuwa fuwele za dawa hiyo ni nzito kuyeyuka majini, ilhali kioo chake huyeyuka kwa wepesi zaidi, na dawa isiyoyeyuka haimfai mgonjwa.

Kwa nini kimiminika huganda kuwa kioo pasipo kuwa fuwele? Philip Anderson, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1977, aliandika mwaka 1995 kwamba huenda hilo ndilo swali lenye kina kuliko yote yaliyosalia bila jawabu katika nadharia ya yabisi. Na maswali ya namna hiyo ndiyo yaamshayo akili ya kijana.

Basi nawasihi watunzi wa vitabu vya shule, waongeze japo somo moja juu ya fuwele kioevu, kwani mwanafunzi anayo tayari mkononi, katika kioo cha kikokotoo chake.