NANI ALISHIKA KAMERA?



Kila mara sinema ikiisha hapa masomoni, tunapiga kelele juu ya wachezaji tu. Nani alishika kamera? Hakuna anayeuliza. Mimi naona tunakosa jambo kubwa, na mfano wangu ni Sven Nykvist wa Uswidi.

Mtu huyu si mgeni kabisa kwetu. Alizaliwa mwaka 1922, na wazazi wake walikuwa wamisionere Waprotestanti waliofanya kazi hapa inchini wakati wa Kongo ya Wabelgiji. Yeye aliachwa Uswidi kwa watu wa jamaa, akaonana na wazazi mara chache tu. Baba yake alipenda sana kupiga foto huku Afrika. Basi wale kati yetu wanaosema sinema si kazi ya mtoto wa waamini, wafikiri tena. Huyu alitoka nyumba ya wahubiri, na kwa miaka 19 alikwisha kuwa msaidizi wa kamera.

Alijulikana hasa kwa kazi yake pamoja na Ingmar Bergman, naye mtoto wa mchungaji. Mwaka 1963 walitoa filamu ambayo jina lake la Kiswidi linataja wale wanaoshiriki Meza ya Bwana. Ni habari ya mchungaji anayepoteza imani, siku moja ya Mungu, wakati wa baridi. Mbele ya kuanza, hawakukimbilia taa. Walikwenda kuketi kanisani, wakaangalia namna mwangaza unavyogeuka. Waliona kwamba mawingu yakifunika jua, vivuli vinapotea. Njo vile Nykvist alipanga taa zake: mwangaza laini, bila urembo, uso wa mutu hauna pa kujificha. Ukimtazama yule mchungaji, unafahamu taabu yake mbele hajasema neno.

Kazi hiyo iligeuza mawazo ya wapiga-picha wengi. Wengine walimwaga taa nyingi, yeye alizipunguza. Alipata Oscar mara mbili, kwa Viskningar och rop (1972) na Fanny och Alexander (1982). Andrei Tarkovsky na Woody Allen nao walimwita. Alikufa mwaka 2006.

Sasa sisi. Tunapenda kusema: hatuna kamera, umeme unakatika, basi hatuwezi kitu. Ni kweli vyombo vinakosa, na sidharau shida ile. Lakini kuangalia hakuombi hata franka moja. Anayejua kuangalia, siku atakayopata chombo atakitumia vizuri. Asiyejua, hata umpe kamera tano, ataleta giza tu.

Naomba mambo mawili. Sinema ikiisha, tusisimame mbele ya kusoma majina ya waliofanya kazi nyuma. Tena, waalimu wetu, mtupe saa moja kwa juma tujifunze kutazama picha, si kuicheka tu. Kazi isiyoonekana ni kazi, na njo hiyo inayofanya zingine zionekane.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita