Magamba ya ngozi: Krimu peke yake haitoshi, pima na sukari

Tunduma. Mtu akitokwa mabaka yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti au kichwani, mara nyingi anaanzia duka la dawa. Anaambiwa ni fangasi au "pumu ya ngozi", anapewa krimu, anaondoka. Hakuna aliyempima presha wala sukari.

Kama ni soriasisi, hapo kuna tatizo.

Soriasisi haiambukizi. Ni kinga ya mwili kujichanganya na kuharakisha seli za ngozi: safari ya kama mwezi mmoja kufika juu inakuwa ya siku chache. Vurugu hiyo haiishii kwenye ngozi. Inapita kwenye damu, inaumiza mishipa na kuizuia insulini kufanya kazi vizuri. Ndiyo maana wagonjwa, hasa wale ambao mabaka yamesambaa, hupata zaidi kisukari aina ya 2, presha na magonjwa ya moyo. Kitambi nacho kinazidisha. Lakini mwenye uzito mkubwa akipungua, mara nyingi na mabaka hupungua.

Sasa angalia maisha ya hapa mpakani. Dereva wa lori la Zambia au Kongo anashinda kwenye kiti, analala kwa vipande, chakula chenyewe chipsi na soda. Sigara na pombe, ambazo huchochea soriasisi, haziko mbali. Huyu ndiye wa kupimwa, na ndiye mgumu kumpata kliniki: wiki ijayo yuko Lubumbashi.

Mei 2014, Mkutano wa Afya Duniani uliitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, kundi moja na kisukari. Hata hivyo, kampeni za magonjwa hayo ni nadra kuitaja ngozi.

Kituo kikubwa cha kufundisha madaktari wa ngozi kiko KCMC Moshi, kaskazini kabisa mwa nchi. Ni mbali, kweli. Ila kupima presha, sukari na kiuno hakuhitaji bingwa. Kwa mkazi wa Songwe, kituo cha afya cha karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Vwawa inatosha kuanzia.

Na vidonge vya steroidi, kama prednisolone, visinunuliwe kienyeji. Vinapandisha sukari, na ukiviacha ghafla soriasisi inaweza kurudi kwa kishindo, hata mwili mzima.