Hukumu kwa mgeni wa Juja

Mabasi ya shule yanayopita Thika kuelekea Ol Donyo Sabuk huwapeleka watoto wetu hadi kwenye kaburi la Northrup McMillan, tajiri wa St. Louis aliyefariki 1925. Masimulizi ya huko hayakosi kutaja kwa fahari kwamba tajiri huyo alimkaribisha Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, katika shamba lake la Juja. Fahari hiyo tunaikataa.

Roosevelt hakuwa mtu mdogo. Alizaliwa New York 1858, akashika urais Septemba 1901 William McKinley alipouawa kwa risasi, akatunukiwa Nobel ya Amani 1906. Alitenga takriban ekari milioni 230 za nchi yake zitunzwe kwa faida ya umma. Sifa hiyo ni yake, hatumnyimi. Ila mtu aliyejua hivyo thamani ya ardhi kwa wananchi wake hawezi kusamehewa kwa kisingizio cha kutojua.

Alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka Ikulu. Mei alikuwa Juja, akiwinda viboko. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512 katika safari nzima: baba 296, mwana 216. Tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi ziliandaliwa kwa safari hiyo, na reli ilipoishia, mzigo ulipanda vichwani mwa wapagazi. Watetezi wake husema ngozi zilikwenda kwenye makumbusho ya Smithsonian, kwa ajili ya sayansi. Na iwe hivyo. Bunduki si shtaka letu.

Shtaka letu ni maneno yake. Katika kitabu alichotoa 1910, na tena mbele ya wakubwa wa London ukumbini Guildhall mwezi Mei mwaka huohuo, alitangaza kwamba nyanda zetu za juu zinafaa kufanywa nchi ya mzungu. Aliyasema hayo baada ya kubebewa maji, hema na chumvi na wenyeji wa bara hilihili. Kiambu, iliko Juja, ilikuwa na wenyewe, mbari kwa mbari, kila githaka, yaani ardhi ya mbari, na mipaka yake.

Sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999. Mwaka 1921 mahakama ikaamua kwamba Mwafrika ni mpangaji tu wa Mfalme wa Uingereza, wa kuondolewa wakati wowote. Kati ya Ruiru na Thika watu wakachuma kahawa na kukata mkonge wa wengine, kipande, kitambulisho cha lazima cha kikoloni, kikining'inia shingoni. Roosevelt hakuziandika sheria hizo. Alizibariki kabla hazijaandikwa, kwa sauti iliyosikika duniani kote, na baraka ya mtu wa cheo chake haikuwa jambo dogo.

Leo mnunuzi wa ploti ya futi hamsini kwa mia pale Juja hatoi hata shilingi kabla ya kupekua hati katika ofisi ya ardhi. Roosevelt, aliyewahi kusomea sheria Columbia, hakutaka kujua hati ya McMillan ilitoka kwa nani.

Tunalitaka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, linaloitunza mbuga ya Ol Donyo Sabuk, liweke bango kando ya kaburi lile, kwa Kiswahili, lieleze shamba la Juja lilipatikanaje, mgeni wake alisema nini kuhusu nchi hii, na nani waliobeba chumvi yake. Kazi hiyo ikamilike kabla ya muhula ujao wa shule kufunguliwa.