Mzigo wa Misheni Ulibebwa na Nani?

Tumezoea kuambiwa kwamba Injili ilifika Unyamwezi kwa hisani ya wafadhili wa ng'ambo. Naipinga kauli hiyo. Mapadre Weupe walipofika Tabora mwaka 1878, na London Missionary Society ilipofungua kituo Urambo mwaka uliofuata, mizigo yao ilitoka pwani mabegani mwa wapagazi, kazi ambayo Wanyamwezi walisifika nayo. Wamoraviani walipoirithi Urambo mwaka 1898, mahubiri ya vijijini hayakuweza kuenea bila wainjilisti wenyeji. Huko Karema, Adrien Atiman, aliyetwaliwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, aliganga wagonjwa na kufundisha dini tangu 1889 hadi alipofariki mwaka 1956.

Basi kwa nini katika harambee za misheni mfadhili hushangiliwa, ilhali mwinjilisti anayetembea kwa miguu porini huachiwa shukrani tupu? Huo ndio utaratibu wa misafara: kiongozi huandikwa kitabuni, mpagazi husahauliwa njiani. Wazee wa kanisa, kabla ya kuchangia misheni ya mbali, bajeti ianze na ujira wa mwinjilisti, na hesabu yake isomwe hadharani mbele ya washarika wanaotoa sadaka.