Vyama vya msingi vipime kwanza kabla ya kununua printa mpya

Msimu wa mauzo unapopamba moto, foleni katika ofisi ya chama cha msingi chenye kompyuta haiko tena kwenye mizani. Mzigo umeshapimwa, kilo zimeshaingizwa, karani ameshabofya, na watu wote wanasubiri karatasi moja itoke kwenye printa.

Risiti ikitoka kwa dakika mbili badala ya sekunde 20, na wakulima wakiwa 200 kwa siku, zinapotea zaidi ya saa tano na nusu. Hasara hiyo haionekani katika kitabu chochote cha chama, kwa kuwa anayeilipa ni mkulima aliyeacha shamba na mwenye pikipiki aliyekodiwa kumsubiri nje.

Dawa inayopelekwa kwenye kikao cha bodi ni ile ile: inunuliwe printa mpya. Ni rahisi kuipitisha, na inaonekana vizuri kwenye mkutano mkuu. Lakini fedha hizo ni makato ya wakulima, na mara nyingi printa iliyopo haina kosa.

Chukua ofisi yenye kompyuta tatu. Ya karani ni ya zamani, ina Windows XP. Ya mhasibu ina Windows 10. Ya tatu ilitolewa na mfadhili, nayo ina Linux. Printa imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya karani, na wengine wote hupitia humo. Isitoshe, printa nyingi za bei nafuu hutegemea kompyuta iandae ukurasa mzima kabla ya kuchapa. Kompyuta ya karani ikiwa imechoka, ofisi nzima imechoka.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi, kinahitaji saa. Chapa ukurasa mmoja kutoka kompyuta iliyoshika printa, kisha ukurasa huo huo kutoka kompyuta nyingine. Wa kwanza ukichelewa, tatizo ni printa, programu yake au kompyuta yenyewe. Wa kwanza ukitoka haraka na wa pili ukachelewa, hapo printa haina kesi ya kujibu, tazama mtandao.

Angalia pia kuchelewa kunatokea wapi. Kukiwa na kimya cha nusu dakika, kisha karatasi ikatoka kwa kasi ya kawaida, mara nyingi kompyuta moja inaitafuta nyingine kwa jina na haiipati upesi. Ipewe anwani isiyobadilika. Ruta ikiachiwa kugawa anwani yenyewe, umeme ukikatika na kurudi, kifaa kinaweza kuamka na anwani nyingine.

Kama maandishi matupu hutoka haraka na risiti yenye nembo huchelewa, basi kazi ni nzito. Ukurasa wa A4 wa rangi, kwa nukta 600 kwa inchi, hufikia takriban megabaiti 104 kabla ya kubanwa. Kwenye mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, au Wi-Fi iliyofifia kwa kupita kuta mbili, huo ni mwendo wa sekunde 80 na ushee. Kwenye waya wa megabiti 100 ni sekunde nane hivi. Nembo ya rangi haijawahi kumwongezea mkulima shilingi kwenye kilo. Iondolewe.

Penye hatari zaidi ni kule kuchanganya mifumo. Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, hushirikiana printa na Windows nyingine kwa njia ya zamani iitwayo SMB 1. Windows 10, tangu toleo la mwishoni mwa 2017, kwa kawaida huifunga njia hiyo, na sababu inajulikana: kirusi cha WannaCry kilisambaa kupitia humo Mei 2017. Fundi anayeifungua tena ili risiti zitoke anauacha wazi mlango wa kompyuta zenye hesabu za malipo ya wakulima. Hilo si suala la kumwachia fundi aamue peke yake; bodi iulize. Hata Windows 10 yenyewe huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 2025.

Kama printa ina tundu la waya wa mtandao, itolewe kwa karani, ichomekwe kwenye swichi na kupewa anwani yake ya kudumu. Kila kompyuta itume kazi moja kwa moja. Gharama ni waya na muda mfupi wa fundi. Kama ina USB tu, ishikwe na ile ya Linux, mradi programu ya printa hiyo ipatikane. Mfumo wake wa kuchapa, CUPS, unaweza kupokea kazi za Windows kwa njia ya IPP, bila SMB 1. Kompyuta hiyo isiruhusiwe kulala saa za kazi.

Kuna jambo lisilohitaji hata waya. Printa huchapa kwa zamu, na taarifa ya kurasa 40 iliyotumwa saa nne asubuhi husimama mbele ya risiti zote zinazofuata. Mhasibu achape taarifa zake jioni, mizani ikishafungwa.